Mgeni wa Mechi ya Wales

Nyumba ya Hessie Purdy ilikuwa mtaa wa nyuma ya uwanja wa Windsor, Belfast, karibu kiasi kwamba goli likifungwa vikombe hutikisika kabatini. Watu wa mtaa ule waliyajua matokeo kabla redio haijayatangaza. Kelele ikipasuka, tumefunga. Watu wakiguna kwa pamoja, tumefungwa. Hessie alizaliwa katika nyumba hiyo, akamuuguza mama yake humo mpaka siku ya kumzika, na maisha yake yote hakuwahi kukanyaga ndani ya uwanja. Mpira ulikuwa mambo ya wanaume. Yeye alikuwa mpishi wa shule. Mchana aliwapikia watoto viazi na nyama ya kusaga, na jioni alijipikia mwenyewe, kila siku akizidisha, kwa sababu hakuwahi kuolewa na mikono iliyozoea masufuria makubwa haijui kupima chakula cha mtu mmoja.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha wageni wa mpira. Mama yake ndiye aliyeanza kuwapokea. Zamani hizo nchi nne jirani, Waingereza, Waskoti, Wawelshi na watu wa Ireland ya Kaskazini, zilichezeana kila mwaka kugombea kombe lao wenyewe, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwenu. Kwa hiyo Wawelshi walikuja Belfast kila baada ya miaka miwili, na pamoja nao alikuja Idwal Pugh.

Mara ya kwanza alikuja na wenzake watatu, wote wachimbaji wa makaa ya mawe kutoka kijiji cha Rhos, karibu na Wrexham. Wales walishinda magoli matano kwa bila siku ile. Vijana wale walirudi wakiimba barabara nzima, wakaingia jikoni na viatu vyao vya tope.

"Nyie hamna haya," mama yake Hessie akawaambia. "Mmetupiga tano, halafu mnataka na chai?"

"Mama, tungejua chai yenyewe ni tamu hivi tungewaachia mbili," Idwal akajibu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hessie alikuwa kwenye jiko akigeuza mkate wa viazi kikaangoni, na yeye akacheka, lakini kwa kuficha uso.

Miaka ikaenda. Mmoja wa wale wanne kifua kilimmaliza, vumbi la makaa. Wa pili alikatazwa na mkewe baada ya mabomu kuanza Belfast na wanajeshi kujaa mitaani. Wa tatu alihamia Uingereza kwa mwanawe. Ikafika miaka ambayo timu zenyewe hazikutaka kuja, mechi za Belfast zikachezwa ng'ambo, na chumba cha nyuma kikakaa na harufu ya unyevu. Wakati huo ndipo mama yake Hessie alipofariki. Mechi zilipoanza kurudi, siku moja mlango uligongwa, na Hessie alipofungua akamkuta Idwal peke yake, kofia mkononi, nywele zimekuwa nyeupe.

"Umenenepa," Idwal akasema.

"Na wewe umezeeka. Ingia, unaniingizia baridi."

Akaingia. Kwenye chai alimwambia kwamba mkewe naye ameshakufa, na Hessie akamwambia habari za mama. Kisha akamwongezea chai.

Tangu hapo ikawa hivyo. Idwal alifika siku moja kabla ya mechi na kuondoka siku moja baada yake. Alikula kila alichowekewa. Aliosha vyombo, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kulifanya katika jiko lile. Akitoka uwanjani alimsimulia mechi nzima juu ya meza, kikombe ni kipa, chupa ya chumvi ni mshambuliaji, na Hessie aliitikia "Ehe, ehe," macho yake yakiwa kwenye mikono ile yenye makovu ya buluu ambako makaa yalikuwa yameingia chini ya ngozi yasitoke tena. Mwaka 1979, akiwa tayari mlangoni na mfuko wake begani, Idwal alinyoosha kidole akamgusa shavuni.

"Una unga hapa," akasema.

Akaufuta, akaenda zake. Hessie alisimama pale mlangoni mpaka jirani yake Ruby Cardwell akamuuliza kama amepotelewa na kitu.

Basi mwaka 1981 Hessie alianza kujiandaa mapema. Alipaka rangi chumba cha nyuma, akanunua shuka mpya na nyama ya nguruwe ya kukaanga. Lakini majira ya kuchipua ya mwaka ule hayakuwa mazuri Belfast. Wafungwa waliopinga utawala wa Uingereza na kugoma kula walianza kufa gerezani, mabasi yakachomwa moto, na usiku helikopta zilizunguka juu ya mapaa. Redio ikatangaza kwamba Waingereza hawaji. Kisha ikatangaza kwamba na Wawelshi hawaji. Mashindano ya mwaka ule yangekosa bingwa.

Idwal alipiga simu nyumbani kwa Ruby, kwa kuwa Hessie hakuwa na simu. Ruby alimwita kwa kugonga ukuta, kisha akajifanya ana kazi jikoni, mlango akiuacha wazi.

"Umesikia?" Idwal akauliza.

"Nimesikia."

"Ni aibu. Hapa watu wamekasirika kweli."

Hessie alikuwa akiuzungusha waya wa simu kidoleni. "Idwal, meli zinakuja bado. Meli hazijakataa."

"Najua."

"Na chumba kipo. Nimekipaka rangi. Unaweza ukaja tu."

Hessie alisikia mtu akiongea Kiwelshi nyuma ya Idwal, sauti ya mwanamke, na sahani zikigongana.

"Nije kufanya nini, Hessie?" Idwal akasema hatimaye. "Na mpira hakuna?"

"Kweli," Hessie akasema. "Kweli kabisa. Nilikuwa nasema tu."

Alipoweka simu, Ruby alitokeza kichwa. "Anasemaje?"

"Haji."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia haidhuru."

"Haya," Ruby akasema.

Siku ambayo Wales wangecheza, Hessie alirudi kutoka kazini akakaa jikoni na koti lake mwilini. Mtaa wote ulikuwa kimya. Hapakuwa na watu waliopita na skafu, wala polisi wa farasi, wala wauza soseji. Treni ilipita nyuma ya uwanja, kisha ikaja nyingine. Akawasha jiko, akakaanga ile nyama, akala hadi alipochoka, na kesho yake akala tena, na kesho kutwa.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Ireland ya Kaskazini kwenda kwao. Mechi ingechezwa Wrexham. Hessie aliomba ruhusa kazini, ya kwanza tangu maziko ya mama, akakata tiketi ya meli ya Liverpool.

"Unakwenda Wales?" Ruby akashangaa. "Wewe ambaye hata Portrush, hapo pwani, hujalala?"

"Nakwenda kuitazama timu yetu kabla haijaenda Kombe la Dunia."

"Timu yetu! Haya, nitajie wachezaji watatu."

"Yupo yule kipa."

"Kipa nani?"

"Ruby, hili sweta nilikunje au nilivae?"

Ruby alicheka, kisha akalichukua sweta akalikunja mwenyewe vizuri. "Livae la kijani," akasema kwa sauti ya chini. "Hili nililokunja linakufanya uonekane mgonjwa."

Idwal alimpokea stesheni ya Wrexham, amevaa koti lake la kanisani. Alimchukulia mzigo. Kwenye basi la kwenda Rhos alimwonyesha mashimo ya makaa, machimbo yaliyofungwa, duka alilokuwa akifanyia kazi mkewe. Alikuwa akihema kila baada ya maneno machache, na Hessie alijizuia kumuuliza.

Nyumbani walikuta meza imeandaliwa. Mererid, binti yake Idwal, aliishi hapo na mumewe tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye haraka.

"Karibu, Bi Purdy," akasema. "Wewe ndiye mama mwenye nyumba wa Belfast. Baba anasema unapika mkate mzuri."

"Nimewaletea," Hessie akasema, akautoa mkate wake wa magadi uliofungwa kwa taulo. Ulikuwa umebonyea safarini.

Walipokula, Mererid na mumewe walimsemesha kwa Kiingereza, wakamuuliza habari za meli na hali ya Belfast. Kisha lugha ikawateleza, wakarudi kwenye Kiwelshi chao bila kujua, na Idwal pamoja nao. Hessie hakuwahi kumsikia akizungumza namna ile. Alikuwa mwepesi, mwingi wa maneno, anawachekesha. Hessie alitabasamu kila wenzake walipocheka, asije akaonekana amenuna. Mtu huyu alikuwa na maisha mazima, yamejaa pomoni, na Belfast ilikuwa ndani yake siku chache tu, kama kwenda kwa daktari wa meno.

Jioni walikwenda uwanjani. Jua lilikuwa bado juu. Hessie alikuwa amejiandaa kwa msongamano, ameushika mkoba wake kifuani, kumbe watu hawakuwapo. Televisheni ilikuwa ikionyesha fainali ya kombe la Waingereza, iliyochezwa upya baada ya sare, saa zile zile, na nusu ya akili za watu zilikuwa kwenye vita vya visiwa vya Falkland. Majukwaa yalikaa wazi, safu baada ya safu ya saruji tupu, na kule kwenye watu walikuwa kama elfu mbili na kidogo, wamesimama mafungu mafungu kama watu wanaongoja basi. Hii ilikuwa mechi ya mataifa mawili.

Mzee mmoja mnene alimjia Idwal, akampiga begani. Jina lake Elwyn. Walichimba makaa pamoja.

"Nani huyu, Idwal? Umeficha mambo?"

Idwal alijikohoza. "Huyu ni Bi Purdy. Ni nyumba ninayofikia Belfast."

Ni nyumba. Hessie alimpa Elwyn mkono. Aliona Idwal amegeuka upande wa uwanja, shingo imemwiva kwa haya.

Mpira ukaanza. Kelele ile iliyokuwa ikitikisa vikombe vyake tangu utotoni, ngurumo ile aliyoidhania ni ya kitu kikubwa kisichoweza kuingia machoni, kumbe ilikuwa ni vijana wanakimbia kwenye majani chini ya mbingu pana. Watu walikuwa wachache hata sauti za wachezaji zilifika jukwaani. "Acha! Wangu!" walipiga kelele. "Nyuma yako!" Mmoja alikohoa, akasikika. Wales wakafunga. Wakafunga tena. Kila mara Idwal aliruka, kisha akashika kifua, na Hessie alitaka kumshika kiwiko lakini hakujua kama hapa inaruhusiwa.

La tatu lilipoingia, Elwyn alimwinamia. "Bibi, mnakwenda Kombe la Dunia na miguu hiyo?"

"Tunakwenda," Hessie akasema. "Nyie mtatutazama kwenye televisheni. Naona wenzenu wote wamebaki nyumbani, wameshaanza mazoezi."

Elwyn alicheka hadi akashika chuma cha mbele yake. Idwal naye alicheka, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama usoni jinsi alivyokuwa akimtazama jikoni kwake. Ikawa ni hiyo tu. Mpira ulirushwa kuingia, akageuka.

Waliporudi waliteremka kwenye basi mapema ili watembee, kwa ombi la Idwal, ingawa pumzi haikumtosha. Kwenye mwinuko alisimama na kushika ukuta wa bustani ya mtu.

"Ulikasirika pale," akasema.

"Sikukasirika."

"Ningemwambia Elwyn wewe ni nani?"

"Mimi sijui, Idwal. Wewe ndiye uliyeulizwa."

Alivuta pumzi. "Mwaka jana nilitaka kuja. Nilikaa na tiketi ya meli kichwani wiki nzima. Lakini Mererid angeniuliza nakwenda kwa nani. Mpira ukiwapo haniulizi. Nasema nakwenda Belfast kwenye mpira, yeye ananipigia pasi shati, yamekwisha."

"Na angekuuliza, ungemjibu nini?"

Idwal aliutazama ukuta kana kwamba jibu limeandikwa hapo. "Sijui," akasema. Wakaendelea kupanda kilima, polepole, kila mmoja upande wake wa njia.

Asubuhi Mererid ndiye aliyempeleka Hessie stesheni kwa gari, kwa kuwa Idwal alikuwa amelala vibaya, kifua kimembana. Alipozima gari hakushuka.

"Bi Purdy, Belfast ikikaribia Baba huimba bafuni," akasema. "Wiki nzima. Kwenda London kwenye mechi ya Waingereza haimbi. Cardiff haimbi. Mimi nilidhani anawapenda Waayalandi tu."

Hessie aliushika mkoba wake.

"Usinifikirie vibaya," Mererid akasema. "Angesema, ningemsikiliza. Si mimi ninayemzuia."

"Hata kwangu hajasema, mwanangu," Hessie akajibu.

Treni ilipoondoka Mererid alikuwa bado amesimama pale, ameweka mkono juu kama anayetaka kupunga lakini amesahau kuupunga.

Mwaka 1983 Wales walikuja Belfast tena, na Idwal akaja. Alipofika mlangoni hakuwa na pumzi ya kufanya utani. Hessie alimkalisha, akampa chai, wakazungumza juu ya hali ya hewa. Siku ya mechi alikwenda uwanjani taratibu, na Hessie akaweka viazi motoni. Kipindi cha kwanza hakijapita sana alisikia mlango ukifunguliwa.

"Ngazi," Idwal akasema. "Zimenishinda."

Akakaa mahali pake mezani. Hessie akafungua dirisha la nyuma, na kelele za uwanja zikaingia pamoja na baridi ya jioni. Walisikiliza. Kelele ilipanda, ikashuka. Baadaye sana watu wote wakaguna kwa pamoja, mguno mrefu.

"Ni lenu," Hessie akasema.

"Unajuaje?"

"Ningekosaje kujua?"

Idwal alitabasamu. Akakizungusha kikombe chake juu ya meza. "Wanasema mashindano haya yatafutwa. Waingereza wamechoka kucheza na sisi wadogo, na Waskoti wamechoka vilevile. Hayaleti watu tena."

"Hata mimi nimesikia."

"Kwa hiyo huenda hii ndiyo ya mwisho huku."

Hessie alikuwa amempa mgongo, anamwaga maji ya viazi, mvuke umemjaa usoni. Alilisema neno lake hapo hapo, kwa sababu akigeuka lisingetoka.

"Kaa."

"Nimekaa."

"Sisemi kwenye kiti. Kaa hapa. Wiki, mwezi, ukitaka zaidi. Mererid hatakukataza."

Uwanjani watu walikuwa wakiimba kuwasukuma vijana wao. Hessie alisubiri. Aliposikia kiti kikisogea alidhani anainuka kumjia. Aligeuka. Idwal alikuwa amesogea ili apate nafasi ya kuinama, ameweka mikono yake ile katikati ya magoti.

"Dawa zangu nimechukua za siku tatu tu," akasema.

Hessie aliviweka viazi mezani. Akampakulia. Idwal akala, akasifu, na baada ya kula akasimama kwenda kuosha vyombo kama desturi yake, lakini Hessie alimwambia apumzike, ataviosha mwenyewe.

Kesho yake alimsindikiza hadi kwenye basi la bandarini. Idwal alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia mpaka dereva akapiga honi.

Mashindano yalifutwa kweli. Mwaka 1984 ukawa wa mwisho. Na katika mwaka huo wa mwisho timu zote nne zikalingana pointi, hesabu ya magoli ikafanywa, na kombe likaangukia Ireland ya Kaskazini. Vijana wenyewe hawakuwa uwanjani siku hiyo. Waskoti na Waingereza walitoka sare kule Glasgow, na Belfast ikawa bingwa ikiwa imekaa kwenye viti mbele ya televisheni. Mtaa mzima ulitoka nje. Ruby alicheza dansi katikati ya barabara na mwenye duka la nyama. Simu ilipolia ndani kwake alimwita Hessie kwa kupunga mikono yote miwili.

"Hongera, bingwa," Idwal akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Ahsante. Kifua vipi?"

"Kipo. Mmelichukua moja kwa moja hilo kombe. Hakuna atakayekuja kuwanyang'anya tena."

"Hakuna," Hessie akasema.

Walibaki kwenye simu. Hessie alimsikia akivuta pumzi na kuitoa, kwa shida, na nje watu walikuwa wakiimba. Alitaka kumuuliza kama bado anaimba bafuni. Ruby akaingia anatafuta glasi, na Idwal akasema simu hizi ni ghali, wakaagana. Baada ya hapo alipiga wakati wa Krismasi, na Krismasi iliyofuata pia, kisha akawa anapiga Mererid kwa niaba yake, anasema Baba anakusalimu, yuko hapa pembeni yangu.

Chumba cha nyuma Hessie alikipangisha kwa muuguzi kutoka mji wa Omagh, msichana mwenye adabu aliyefanya kazi zamu za usiku hospitalini. Alirudi alfajiri, akanywa chai akiwa amesimama, akalala hadi jioni. Shule zilipofungwa kwa likizo, Hessie alishinda nyumbani mchana kutwa akitembea na soksi, akifunga milango kwa mkono taratibu, redio ameizima, asimwamshe.